Matende na mabusha: baada ya kingatiba, nani anauangalia mguu?

Wanaotaka fedha zote za kupambana na matende na mabusha ziende kwenye kingatiba, yaani dawa za kinga wanazomezeshwa watu wa eneo zima, wana hoja nzito. Ivamektini na albendazoli hutolewa bure na watengenezaji, humezwa mara moja kwa mwaka, na wakimeza angalau asilimia 65 ya watu kwa miaka mitano au zaidi, mbu hukosa vimelea vya kusambaza. Bila hilo wagonjwa wapya wataendelea kutokea.

Lakini mpango wa dunia wa kuutokomeza ugonjwa huu, ulioanza mwaka 2000, una nguzo mbili. Ya pili, huduma kwa waliokwisha kuvimba, husukumwa pembeni kwa madai kwamba ni ghali na haina tija. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanaume milioni 25 wana mabusha na watu zaidi ya milioni 15 wana uvimbe wa matende. Vidonge havitawarudishia miguu yao.

Tena kinachozidi kuukuza mguu uliokwisha kuharibika mirija ya limfu (inayoondoa majimaji kwenye mguu) ni bakteria. Unyevu katikati ya vidole huleta fangasi, fangasi huchana ngozi, bakteria wakaingia. Mgonjwa hutetemeka kwa homa, mguu unawaka na kuuma. Wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa ya malaria. Kila homa ya namna hiyo ikipita, mguu hubaki mnene na mgumu zaidi. Inasikitisha, kwa sababu homa hiyo inazuilika.

Kinachohitajika ni sabuni ya kawaida na maji safi yasiyo ya moto, kila siku. Osha taratibu kwa mkono au kitambaa laini, bila brashi, hadi maji ya kusuuzia yatoke masafi. Kausha kwa kugusagusa, kisha pitisha kitambaa chembamba kati ya kila vidole viwili. Penye weupe au mpasuko paka dawa ya fangasi. Wengi huharibu hapa: wanaosha vizuri, halafu wanavaa viatu vya plastiki vidole vikiwa bado vibichi. Homa ikija, kitambaa cha maji baridi, kupumzika na antibayotiki mapema. Kuchanja ngozi ya mguu ni kuongeza milango ya bakteria. Busha ni la upasuaji, kwani likinyonywa kwa sindano maji hurudi.

Ni kweli, kaya inayochota maji mbali itaona huu ni mzigo, na mguu wa miaka mingi haurudi kuwa mwembamba. Homa, hata hivyo, hupungua, na mtu akaenda shambani.

Nchi haithibitishwi kuutokomeza ugonjwa kama tatizo la afya ya jamii bila kuonyesha idadi ya wagonjwa na vituo vinavyowahudumia. Mgawa dawa anayepita nyumba kwa nyumba Lindi au Kwale aorodheshe pia wenye matende na mabusha, na orodha ifike zahanati.