Mdhibiti naye ahesabu moshi wake

Sisi Wabongo wa Uingereza tukianza kulinganisha huku na nyumbani, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye hospitali, mishahara na baridi. Mimi kinachonitia wivu ni kitu kikavu kabisa: daftari ambamo mdhibiti, yaani taasisi inayowasimamia wengine, anahesabu kaboni anayoitoa mwenyewe.

Environment Agency ndiyo inayolinda mazingira ya England. Inatoa vibali kwa viwanda, inawasimamia wakubwa wa viwanda katika soko la kaboni (soko la kuuziana haki za kutoa hewa ukaa), na kampuni ya maji ikimwaga kinyesi mtoni, inaiburuza mahakamani. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba yenyewe, kama taasisi, itafikia sifuri halisi ya kaboni, yaani isitoe kaboni zaidi ya inayofidiwa, ifikapo 2030, miaka 20 kabla ya lengo la nchi nzima.

Ahadi si kitu, kila mtu anazo. Kilichonishika ni walichokikuta walipojihesabu. Moshi wao mwingi hautoki kwenye taa za ofisi. Unatoka kwenye zege la kuta za kuzuia mafuriko na kwenye pampu za maji. Yaani kazi yenyewe ya kuwakinga watu ndiyo inayochafua! Somerset, kusini-magharibi mwa England, ilipozama kwa wiki kadhaa, mwishoni mwa 2013 hadi mwanzoni mwa 2014, pampu kubwa zililetwa kutoka Uholanzi zikanguruma usiku na mchana. Nani angethubutu kusema zizimwe? Baadaye serikali ikatenga pauni bilioni 5.2 za kinga za mafuriko kuanzia 2021, na pesa zikiongezeka, zege nalo linaongezeka. Hapo ndipo ahadi ya 2030 ilipobana, nao wamelisema hadharani. Habari yao ya kufidia kinachobaki kwa kupanda miti siipendi, maana mche huchukua miaka mingi kunyonya kaboni ambayo saruji ilishaitoa kiwandani.

Tuje nyumbani. Najua nitakavyojibiwa: Mtanzania anatoa kaboni kidogo mno ukimlinganisha na Mwingereza, tuhangaike kwa lipi? Ni kweli, na sitaki mtu wa huku amsomee bibi yangu somo la kuni. Lakini NEMC, msimamizi wa mazingira, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, si bibi. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kama shule ya bweni inabanwa kwa mafiga yake, wadhibiti nao watuonyeshe lita za dizeli za mashangingi na majenereta yao.

Na kwetu kupunguza ni rahisi kuliko kwao. Tangu serikali ihamie Dodoma, ofisa anaitwa Dar leo, keshokutwa anarudi, V8 na dereva wake, kiyoyozi kinawaka hata gari likiwa limeegeshwa (nani hajaona hilo?). Treni ya umeme ya SGR ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linalisha gridi ya taifa. Mdhibiti wa mazingira anayeiacha treni hiyo na kupanda shangingi asituambie habari za umaskini wa nchi.

Kwenye zege wadhibiti wetu si wajenzi kama hawa wa huku. Ila mradi mkubwa hauanzi bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na cheti hicho kinapitia NEMC. Rufiji ilifunikwa na maji mwaka 2024, Jangwani inajaa kila mvua zikikolea, kwa hiyo kujenga tutajenga tu. Basi kwenye tathmini hiyo iandikwe saruji itakuwa tani ngapi.

Kwa hesabu za ofisi zao wenyewe, hatuhitaji mfadhili wala mshauri wa kutoka London. Risiti za mafuta ziko kwa mhasibu, ankara za TANESCO pia. Azijumlishe, aziweke kwenye ripoti ya mwaka, ukurasa uleule unaotaja faini walizotozwa wengine.