Gari Iko Juu ya Lifti

Mke wangu alinunua gari jipya kwa mkopo wa benki, na masharti, ya mkopo na ya gari lenyewe, akayasoma yote, mpaka yale ya herufi ndogo. Moja lilinihusu mimi: warantii ni miaka 3 au kilomita 100,000, kipi kitangulie, na ukithubutu kupeleka gari kwa fundi wa mtaani, imekula kwako. Basi yule fundi wangu wa chini ya mwarobaini kule Ilala, anayekubadilishia oili huku unamwona na filta anakutuma ukanunue mwenyewe, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo, na mpaka leo hana habari.

Ndani ya gari nako kuna sheria. Hakuna kula. Maji unashuka unakunywa nje. Kiti cha nyuma umekaa mto wa manyoya wa rangi ya waridi, umetariziwa jina la ukoo wao, na hata mtoto wetu haruhusiwi kuulalia. Mimi naruhusiwa kuendesha kwenda service.

Ijumaa moja ikawa zamu yangu. Mbali na oili na filta, kulikuwa na kelele: kila ukipita tuta, mbele kushoto unasikia kwa-kwa-kwa. "Hiyo kelele waisikilize vizuri," aliniagiza, "wasije wakaniambia hawakuisikia."

Nikafika kwenye karakana ya kampuni, Barabara ya Nyerere, saa mbili kamili. Kijana wa mapokezi, tai shingoni, alilizunguka gari akipiga picha kila mkwaruzo, akaandika kwa-kwa-kwa kwa Kiingereza, nikasaini. "Saa sita tu, bosi, unachukua gari yako." Aliyewahi kuacha gari sehemu hizi anajua kwamba saa sita hutajwa, tarehe haitajwi.

Chumba cha kusubiria hakina ubaya. Kiyoyozi kinapiga kama uko Makete, kuna kahawa, kuna televisheni inayorudia mechi ambayo kila mtu anajua imeishaje. Pembeni alikaa mzee mmoja na gazeti lake. Nilipouliza nywila ya intaneti alinitajia bila kuinua macho, herufi kubwa na ndogo zote, kisha akamwita mpika chai kwa jina amwongezee sukari. Nikajua huyu si wa leo.

Saa sita nikasogea mapokezi. Fundi amekwenda kuswali Ijumaa. Hapo huna la kusema, nami mwenyewe nikaenda. Saa nane, mfumo uko chini, kadi ya kazi haifunguki. Saa tisa nikaambiwa gari inaoshwa.

"Inaoshwa? Oili imeshabadilishwa?"

"Bado, bosi. Tunaanza na kuosha."

Mzee wa gazeti akaguna tu, akageuza ukurasa. Saa kumi na nusu dada wa mapokezi akanijia kwa upole ule unaotumika kumpa mtu habari za msiba. "Kaka yangu, gari iko juu ya lifti, fundi yuko chini yake. Wewe nenda nyumbani upumzike, ikishuka tu tunakupigia."

Sisi tunakaa Gongo la Mboto. Wakati ule barabara nzima ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, na Ijumaa jioni foleni ya pale Tazara hata bodaboda anazima pikipiki na kushuka. Nikapata daladala, Kosta moja, nikasimama nimejikunja karibu na dirisha, kwapa la mwenzangu liko usawa wa pua. Tunasogea hatua mbili, tunasimama.

Ndipo likatokea gari upande wetu wa kulia. Rangi ileile. Linang'aa, limeoshwa kweli, hapo hawakudanganya. Nikasema magari yanafanana. Nikasoma namba. Nikaisoma tena kuanzia nyuma.

Ndani wamo vijana watatu wenye ovaroli za bluu, muziki umefunguliwa. Dereva ameweka kiwiko dirishani. Wa nyuma amejilaza, kichwa juu ya mto wa manyoya, na tumboni ameshika mfuko wa chipsi mayai. Anachovya kwenye tomato, anainua juu, anadondoshea mdomoni.

Nikapiga simu mapokezi.

"Dada, samahani, naulizia gari yangu."

"Aah, kaka, si nilikwambia? Iko juu ya lifti, fundi yuko chini yake."

"Dada, naiona."

"Unaiona wapi?"

"Hapa dirishani."

Akakaa kimya, kisha akasema, "Halo? Halo? Mtandao unasumbua," simu ikakatika.

Nikapiga kelele pale pale: "Jamani, lile gari langu!" Daladala zima likanigeuzia uso, na hakuna hata mmoja aliyeamini. Ukitaka usiaminiwe Dar es Salaam, dai gari huku umeshika bomba la Kosta. Kijana wa siti ya nyuma akasema na ile Prado pale mbele ni ya kwake, ila leo ameamua kupunguza mwili. Mama mmoja aliyepakata beseni la ndizi akanitazama kwa huruma. "Baba, kama gari lako, sasa humu umepanda kutafuta nini?"

"Limekwenda service, mama! Kiti cha nyuma kuna mto wa manyoya, wa rangi ya waridi!"

Yule mama akanyanyuka, akatoa kichwa dirishani mpaka mabegani, akachungulia. Aliporudi ndani uso ulikuwa umebadilika.

"Mto upo," akatangaza. "Na mtu ameulalia, ana chipsi."

Basi ikawa kesi ya daladala zima. Konda akapiga bati. "Suka, hiyo ya kulia usiiache!" Suka naye, ambaye tangu Tazara alikuwa anasinzia kwenye usukani, akaamka akapenya ukingoni mwa mashimo ya mkandarasi, vumbi likaingia, hakuna aliyelalamika. Lakini kufukuzana kwenyewe ilikuwa ni kwenye foleni. Wao wakisogea, sisi tunasogea. Wao wakisimama, tunasimama, tunatazamana. Yule wa chipsi alipoona Kosta nzima inamnyooshea vidole alidhani anasalimiwa, akatupungia.

Karibu na Kipawa trafiki akawasimamisha. Nikaruka kabla daladala halijasimama vizuri, na nyuma yangu wakashuka abiria wengi kuliko kituo kile kinavyostahili, akiwemo mama wa ndizi, beseni kichwani, ambaye yeye alikuwa anakwenda kituo cha Banana, mbele zaidi.

"Hili gari la nani?" afande akauliza.

"La kampuni," akajibu dereva.

"Langu," nikajibu mimi.

"La kwake, mto tumeuona," akajibu mama wa ndizi.

Afande akaangalia kwenye mashine yake. Akaniangalia. "Hapa kuna jina la mwanamke."

Nikaeleza ni mke wangu. Afande akasema basi mpigie. Mimi ningeomba hata kulala mahabusu kuliko kupiga simu ile, maana kwa taarifa aliyonayo nyumbani, gari liko juu ya lifti na mimi niko chumba cha kusubiria nakunywa kahawa ya bure. Afande akaichukua simu mwenyewe, akaweka sauti ya nje.

Akamweleza kwa ufupi. Kimya. Kisha mke wangu akauliza, taratibu, "Afande, naomba unisaidie. Ndani ya gari kuna harufu ya nini?"

Afande akaingiza kichwa dirishani, akanusa. "Chipsi mayai, mama."

"Na kachumbari," akaongeza konda, ambaye sijui daladala alimwachia nani.

Sitayaandika maneno yaliyofuata. Yule kijana wa nyuma aliushika mto kwa mikono miwili, akauweka taratibu kwenye kiti, akaupangusa, akazidi kuupaka tomato.

Dereva akajitetea kuwa wako kazini. Mteja amelalamikia kelele, kelele haisikiki gari likiwa limesimama, lazima litembezwe. Kwa nini mpaka Kipawa? Kwa sababu matuta ya kwao hayatoshi. Na chipsi? Muda wa chakula cha mchana waliutumia kusubiri mfumo. Majibu yote alikuwa nayo, kasoro moja: hakuna aliyefunga mkanda. Afande akaandika faini, shilingi 30,000, na mashine zile huwa hazijali nani kalala juu ya mto wa nani. Deni likaenda kwenye namba ya gari.

Nikapanda siti ya mbele, nikafunga mkanda kwa nguvu ili wauone, tukarudi nao. Njiani tukapita kila tuta lililopo, dereva ameinamisha sikio kushoto. Kimya. Si kwa, wala kwa-kwa. "Bosi, mbona hii gari nzima?" akaniuliza, na mimi, mbele ya watu watatu, nikajikuta naigiza ile kelele kwa mdomo. Tulipoingia getini tu, kwenye tuta la kwao wenyewe, lile walilosema halitoshi, ikalia: kwa-kwa-kwa! Wakashangilia wote. Stabilaiza linki, wakasema, kipuri cha huko chini kwenye tairi. Stoo hamna, itaagizwa.

Kwenye ankara kulikuwa na oili, filta, kuosha, na mstari wa mwisho, "majaribio ya barabarani". Pale kaunta nikamkuta mzee wa gazeti amesogeza kiti akafuate mazungumzo kwa karibu. Nikaomba warudishe ile 30,000. Meneja akaomba radhi sana, akasema pesa taslimu kampuni haitoi, ila itakatwa kwenye service ijayo, nitakapokuja kufungiwa kipuri. "Utaleta saa mbili, saa sita unachukua."

Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni. Hakunisalimia, alinyoosha mkono apewe mto. Akaunusa mbele na nyuma, akasoma ankara mpaka chini, akauliza kipuri kinafika lini. Nikamwambia, halafu nikamshauri kwamba safari hii labda apeleke mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jina kwenye mashine ya afande.

"Utapeleka wewe," akasema. "Daladala la kulifukuzia unalijua."