Kiswahili Kilikosa Kiti Kwenye Sherehe ya Wachina

"Mjomba, mle ndani ya simba wako wangapi?"

Watu wawili, nilimwambia mpwa wangu tukitazama ngoma ya simba ya Wachina, ambapo simba ni vazi linalochezwa na watu. Mmoja kashika kichwa, ndiye anayepepesa yale macho na kufungua mdomo. Mwingine kainama nyuma yake, kamshika kiunoni, haoni kitu isipokuwa visigino vya mwenzake. Anafuata mdundo wa ngoma tu. Mpwa wangu ana miaka minane, na tangu hapo hakuongea tena mpaka simba walipomaliza kucheza.

Ilikuwa sherehe ya mwaka mpya wa Kichina hapa Dar es Salaam, ya kuupokea Mwaka wa Nyoka ulioanza tarehe 29 Januari 2025. Uwanja ulijaa. Nilitegemea kukuta Wachina wengi na sisi wachache, lakini haikuwa hivyo: walikuwepo wanafunzi, vijana wa bodaboda, akina mama na kanga zao, watoto wamebebwa mabegani. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuja kwa sababu wanataka kuwajua jirani zao.

Ndipo hotuba zikaanza. Zikasomwa kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza. Mshereheshaji naye akawa anaruka kutoka lugha moja hadi nyingine, na Kiswahili nilikisikia mara mbili tu: "Habari zenu" mwanzoni na "Asanteni sana" mwishoni. Mama mmoja mbele yangu alimgeukia mwenzake akauliza, "Wanasema nini?" Mwenzake akamjibu, "Sijui. Wewe piga makofi."

Wakapiga makofi. Mimi jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Maana Wachina na Kiswahili si wageni kwa wageni. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Kuna watu walikaa Beijing, maelfu ya kilomita kutoka hapa, wakajifunza ngeli zetu ili waongee na sisi. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya binti na mama wakwe zake, mtaani kwetu watu walikuwa wanagombana kuhusu nani mwenye makosa, mke au mkwe, kana kwamba wanaishi nyumba ya pili. Picha za Wachina tulikuwa tumeshaziona miaka mingi. Kilichowaingiza sebuleni kwetu safari ile ni lugha.

Na kabla ya redio na televisheni kutufikia sisi wa vijijini, kulikuwa na reli ya TAZARA, tuliyojengewa na Wachina. Marehemu baba alikuwa kibarua wa TAZARA upande wa Mlimba. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote: mahandaki, madaraja, matope. Baba alikuwa akituhesabia yi, er, san hadi kumi, na akisimulia jinsi msimamizi wake alivyojifunza kusema "polepole" na "vuta" na "bado kidogo". Chakula walikula mbalimbali, lakini kazini walielewana. Wengine kati ya Wachina wale hawakurudi kwao. Baadhi yao wamelala Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina, na kila Aprili wenzao huenda kuwawekea maua. Nani aliwasimulia wale wanafunzi uwanjani habari hiyo siku ile? Kama ilisemwa, ilisemwa kwa lugha ambayo yule mama wa kanga hakuielewa.

Fikirini mngepewa mshereheshaji mzuri wa Kiswahili. Mtu anaimba wimbo kwa hisia, Wachina wazee wanafuta machozi, sisi tumekodoa macho. Baadaye nikaambiwa ni wimbo wa kurudi nyumbani, kwa kuwa hii ndiyo sikukuu ambayo mamia ya mamilioni ya Wachina hufunga safari kwenda kula na wazazi mkesha wa mwaka mpya. Mswahili angeshika kipaza sauti akasema: mnaijua stendi ya Magufuli mwezi Desemba, Wachagga wanavyoondoka mji mzima kwenda Moshi? Basi hiyo. Uwanja mzima ungeelewa mara moja.

Zile bahasha nyekundu ambazo wakubwa huwapa watoto zikiwa na pesa ndani, watu wa pwani wana jina lake tayari: ni mkono wa Idi. Tarehe ya sikukuu kuhamahama, nayo inaelezeka. Wao pia wanahesabu kwa mwezi, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mmoja ili sikukuu isitoke kwenye msimu wake, ndiyo maana daima huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, tofauti na Idi inayozunguka mwaka mzima. Na lile neno lao la baraka, fu, linalobandikwa mlangoni kichwa chini: kwa Kichina "limepinduliwa" na "limefika" hutamkwa sawa, kwa hiyo ukilipindua umesema baraka imefika. Sisi tuliolelewa na maneno ya kanga tungelifurahia fumbo hilo kuliko mtu yeyote duniani.

Najua wapo watakaosema kuna mambo makubwa zaidi kati yetu na Wachina kuliko tafsiri. Ni kweli. Kariakoo pana malalamiko, na Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Siyapuuzi malalamiko hayo. Nina ndugu wenye vibanda pale. Lakini watu wenye jambo la kusutana ndio hasa wanaohitaji lugha moja ya kusutana. Makunduchi kule Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, nyumba isiyopata mgeni huhesabiwa kuwa na nuksi. Mgeni anavutwa hadi ndani, analishwa, anasemeshwa. Haachwi barazani anapiga makofi.

Kilichoniokolea siku kilikuwa nje kabisa ya ratiba. Pembeni, nyuma ya vibanda vya chai, mama mmoja wa Kichina mwenye duka Kariakoo alikuwa na meza, unga, na bakuli la nyama iliyosagwa na kabichi, anafundisha kutengeneza jiaozi. Alikuwa hana kipaza sauti. Kiswahili chake ni cha sokoni, kimenyooka, hakina madoido. Akampa mpwa wangu kipande cha unga kilichosukumwa duara. "Shika hivi. Weka kidogo. Usijaze, itapasuka. Bana hapa, bana, bana." Watoto wengine wakajipanga. Akina mama wakasogea wakaanza kumuuliza maswali: hii ni kama sambusa? Unachemsha au unakaanga? Akasema vyote viwili, na kwamba usiku wa mwaka mpya kwao kaskazini familia nzima hukaa mezani kuzibana pamoja, hata babu. Yule mama wa kanga alikuwepo. Safari hii alikuwa anacheka na kujibu.

Waandaaji, iteni wafanyabiashara kama yule wapande jukwaani. Pateni mtu mmoja wa kutafsiri, aliyejiandaa, si wa kubahatisha. Hotuba moja ikifutwa nafasi yake itapatikana.

Jumapili iliyofuata tulijaribu nyumbani kwa unga wa chapati. Za dada yangu zilipasuka zote kwenye maji ya moto. Mpwa wangu alivuta kigoda, akasogea karibu na bakuli, akamshika mama yake kidole gumba.

"Usijaze, mama. Bana hapa. Bana, bana."