Kadi ya Mwaliko na Kuku wa Singida

Hapa Morogoro, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, binti haolewi hivi hivi. Kabla ya ndoa kuna sendoff, yaani sherehe ya kumuaga binti, na kabla ya sendoff kuna kitchen party, shughuli ya wanawake watupu ambamo bibi harusi hufundwa na kuzawadiwa vyombo vya kuanzia maisha: masufuria, hotpoti, kinu, miko, seti za vikombe. Mambo yote hayo huendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia vikao vya kamati hadi nyimbo na vijembe, lakini kadi ya mwaliko, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza nikaridhika, sharti iandikwe kwa Kiingereza.

Katika kitchen party ya binti wa dada yangu mimi nilikuwa mweka hazina, kwa hiyo ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyalipia.

Suala la kadi alikabidhiwa katibu wetu, shangazi yake bibi harusi, mwanamke hodari wa kukusanya michango ambaye Kiingereza na ulimi wake haviivi chungu kimoja. Maneno ya kadi aliyanakili vizuri katika daftari kutoka kwenye kadi ya shughuli nyingine, na daftari hilo nililikagua baadaye nikakuta halina kosa hata moja. Shida ni kwamba daftari halikufika steshenari. Katibu alikuwa na haraka, akampigia simu kijana anayechapa pale, akamsomea, naye kijana akaandika kila alichokisikia kwa uaminifu wa karani wa mahakama. Sasa, kinywani mwa katibu, "kitchen" na "chicken" ni neno moja lenye maana mbili, na maana hiyo huipata kwa kuangalia mnazungumza mkiwa wapi. Kwenye simu huwezi kuangalia.

Kadi zikatoka zimenakshiwa maua ya dhahabu, na chini ya maua hayo tukawa tunawaalika watu kwenye "Chicken Party of our beloved daughter", yaani Sherehe ya Kuku ya binti yetu mpendwa. Mstari wa mwisho ulipaswa kusema kwamba "your presence", yaani kuhudhuria kwako, kutathaminiwa sana, lakini kijana alikuwa ameandika "your presents", yaani zawadi zako. Kwa kosa hili la pili simlaumu sana, kwa kuwa maneno hayo mawili hata Mwingereza mwenyewe akiyatamka kwa haraka huwezi kuyatofautisha kwa sikio. Lakini mtu aliyesoma mistari yote miwili kwa pamoja hakubakiwa na la kujiuliza: ameitwa kwenye Sherehe ya Kuku, na zawadi zake zinathaminiwa sana. Ukijumlisha hayo, jibu ni tenga.

Kamati nzima iliziona kadi hizo, ikazisifu maua, na jioni ileile zikagawiwa.

Aliyeisoma kadi kwa makini alikuwa mmoja tu, naye ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyewafundisha nusu ya watu wa mtaa wetu, ambaye tulikuwa tumemwomba awe mtoa nasaha siku ya shughuli. Kesho yake alinirudishia kadi ikiwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu mahali pawili, na pembeni ameandika 4/10 pamoja na neno "Rudia". Hakutaka chai wala maelezo. Alitaka nimpeleke kwa mchapaji.

Tulipofika steshenari hakuingia. Alisimama nje, akainua uso kukisoma kibao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu, STATIONARY, akatikisa kichwa hadi kijana akatoka mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Duka lako limekwama?"

"Hapana, Mwalimu. Tuko wazi hadi saa mbili usiku."

"Kibao kinasema limekwama. Hiyo yenye a ni ya kitu kisichosogea, mfano lori lililokatika ekseli katikati ya barabara. Ya karatasi na kalamu huandikwa kwa e. Bahasha kwa Kiingereza inaitwaje?"

"Envelope, Mwalimu."

"Inaanza na herufi gani?"

Kijana akakitazama kibao chake. Mwalimu hakumwachia apumue, akaendelea kumweleza kwamba maneno hayo ni ndugu wa damu: zamani huko Ulaya wauza vitabu na karatasi wenye kibanda cha kudumu waliitwa "stationers", kwa kuwa walikaa mahali pamoja, tofauti na wamachinga wa enzi hizo waliozunguka na bidhaa begani, na wale wa London walikuwa na chama chao tangu mwaka 1403, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557.

"Kumbe basi sijakosea sana, Mwalimu," kijana akasema kwa matumaini. "Kama ni ndugu."

"Ndugu wana majina yao. Wewe ukiitwa kwa jina la kaka yako utaitika?"

Kuhusu kadi, kijana alijitetea kwamba yeye alichapa alichoambiwa na mama katibu, tena alimuuliza mara mbili kwenye simu kama ni chicken kweli, na mama akamjibu kwa ukali, "Ndiyo, chicken, ya kupikia!" Mwalimu alipomtaka ayatamke maneno yote mawili, aliyatamka bila kukwama. Ikabidi tukubali kwamba kosa lilitoka upande wa pili wa simu.

Kwa kuwa fedha za kuchapa kadi upya hazikuwepo, na hilo nilikuwa na hakika nalo kuliko mtu yeyote, kamati ilikubaliana kwamba katibu atume masahihisho katika kundi letu la WhatsApp. Laiti angeyaandika! Alituma ujumbe wa sauti, wa taratibu na wa heshima, ambao nimeuhifadhi hadi leo: "Jamani, wapendwa, kwenye kadi kuna kosa dogo. Siyo chikeni. Ni chikeni. Narudia: siyo chikeni, ni chikeni." Watu wakajibu mmoja baada ya mwingine kwamba wameelewa na wako njiani kuwatafuta.

Siku ya shughuli wageni walianza kuingia saa tisa alasiri, na wa kwanza alikuwa jirani yetu aliyevaa gauni la pichi kama tulivyoagiza, mkono mmoja ameshika mkoba na wa pili ameshika koo wawili waliofungwa miguu. Nyuma yake akaja mwingine na tenga lililofunikwa karatasi ya zawadi yenye mioyo, karatasi hiyo ikiwa imetobolewa matundu ili anayekaa ndani apate hewa. Jogoo wa humo ndani alikuwa amefungwa utepe wa pinki shingoni, na alikuwa amekwishakitoa kichwa chake tunduni, akiwatazama wageni kwa jicho la pembeni. Meza tuliyoiandaa kwa ajili ya masufuria ikajaa broila, kuku wa kienyeji, trei za mayai kutoka kwa waliokuwa na uwezo mdogo, na mfuko mmoja wa pumba ulioletwa na mtu mwenye kufikiri mbele.

Halafu wakaingia wanaume. Kitchen party mwanaume haingii, lakini hawa hawakuitwa kitchen party. Walikuja na kadi zao za watu wawili, wamevaa suti, wakakaa mistari ya mbele, na mume wa jirani yangu akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kuku wanaanza saa ngapi. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu katika bajeti niliyoisimamia mimi mwenyewe kuku walikuwa wamefutwa tangu kikao cha pili kutokana na bei, na chakula kilichokuwa kinasubiri kilikuwa pilau ya nyama ya ng'ombe, kachumbari na tikiti maji.

Lakini yote hayo yalikuwa madogo mpaka walipofika wakwe. Ukoo wa bwana harusi ni watu wa Singida, na asiyejua kuku wa Singida waulize wenye mabucha wa Dar es Salaam. Walipopata kadi yetu waliitisha kikao cha familia, wakahitimisha kwamba upande wetu una mila ya kuku ambayo wao hawakuijua, na kwamba haifai waaibike ugenini. Wakaja na basi dogo lenye matenga juu ya paa. Mama mkwe, mwanamke mtaratibu sana, alisimama mbele ya ukumbi, akasubiri majogoo yapunguze kelele, akasema, "Wenzetu, tumeupokea mwaliko wenu, na mila yenu tumeiheshimu." Dada yangu alijifunika uso kwa khanga, na hadi leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Hapo ndipo mshereheshaji, akiwa ameishiwa maneno, alipompa Mwalimu kipaza sauti ili atoe nasaha, na Mwalimu, badala ya kuanza na mambo ya ndoa, akaanza na kadi. Aliwaomba wanawake waliokuwepo wainue vyombo vya jikoni kwa mawazo tu, kwa kuwa vya kweli havikuwepo.

"Jikoni kuna nini? Kisu, kijiko, kikombe, kikaango, kinu. Vyote vinaanza na ki. Na jikoni kwa Kiingereza ni ki, kitchen. Kuku tunamfanyaje?"

"Tunachinja!" ukumbi ukajibu, na matenga yakanyamaza.

"Tunachi-nja. Chi, chicken. Ki ni kijiko, chi ni chinja. Nani atasahau?"

Kisha akamgeukia katibu wetu, ambaye alikuwa anajificha nyuma ya keki, akamwambia asihuzunike sana, kwa maana hata Waingereza wenyewe, katika Kiingereza chao cha kale, kifaranga walikiita "cicen" na jiko wakaliita "cycene", na walipona. Katibu akapigiwa vigelegele.

Baada ya hapo Mwalimu hakushikika. Alimtazama bibi harusi, akamfunda. "Mume akikuambia 'borrow me ten thousand', usitoe haraka. Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha. Anayepokea ndiye anayeborrow, anayetoa ndiye anayelend. Sisi Waswahili tunaponzwa na kuazima, maana mimi naazima kwako na wewe unaniazima, neno ni lilelile. Mwambie aseme 'lend me', na aseme atarudisha lini." Wanaume wa mistari ya mbele wakaanza kutazama saa zao. Akaendelea kwamba mume akiandika kwenye simu "I don't want to loose you", asiogope, hatishii kumlegeza, ila ameongeza o: kilicholegea ni "loose" chenye o mbili, na kupoteza ni "lose" kwa kuwa lenyewe limekwishapoteza o moja. Na akiona katika orodha ya chakula pameandikwa "desert", asiagize, ataletewa mchanga. Sahara ina s moja, ilhali "dessert", kitu kitamu cha baada ya mlo, ina s mbili, ya sukari na ya siagi. Nimehudhuria kitchen party nyingi, na nasaha nyingine zilinipita sikio hili zikatokea sikio lile, lakini hizo za Mwalimu ningeweza kuzifanyia mtihani.

Alipokuwa anakaribia "advice" na "advise", jogoo wa utepe wa pinki alifanikiwa kutoka ndani ya tenga, akaruka juu ya spika na kuwika, na mshereheshaji akaitumia nafasi hiyo kutangaza chakula.

Katika shughuli nzima bibi harusi alipata sufuria moja tu, kubwa, ya namba kumi, yenye mfuniko. Ililetwa na bibi mmoja wa Kihonda ambaye alikaa muda wote akiwashangaa wenzake. Nilipomwendea kumshukuru aliniuliza, "Mwanangu, kitchen party ya wapi hii watu wanakuja na kuku? Au kadi imeandika mambo mengine? Mimi sikuisoma, sijui Kiingereza. Niliambiwa kwa mdomo."

Kuku wakalala katika bafu la dada yangu kwa muda ambao shemeji hapendi kuukumbuka, na kamati ikahamia kwenye maandalizi ya sendoff. Safari hii hatukutaka mchezo. Daftari lilipelekwa kwa mkono, Mwalimu akaketi kwenye benchi la steshenari chini ya kibao ambacho sasa kilikuwa na e nyekundu iliyopakwa juu ya a, na kadi za mwaliko zikatoka safi kabisa, ikiwa ni pamoja na "presence" yenye c yake. Mwalimu akazipa 10/10, akaenda zake nyumbani.

Kijana aliyekuwa amebaki na orodha ya vyakula vya kuwekwa mezani alitaka kuwa na uhakika zaidi. Aliiamuru kompyuta itafute neno "chicken" popote lilipo na kuweka "kitchen" mahali pake, ili balaa lile lisijirudie, akachapa nakala zote, akazifunga vizuri na kuzileta ukumbini nusu saa kabla ya wageni. Sendoff hii kuku walikuwepo, tena wa kutosha, kwa kuwa tuliwapata bila kununua. Baba mkwe alivaa miwani, akaisoma orodha hiyo kuanzia "Kitchen Soup" hadi "Roast Kitchen", akaivua miwani, akamwita mhudumu na kumwomba kwa upole amletee jiko la kuchoma, kipande cha paja, na asisahau pilipili.