Vioo vipya vya Kigoma na ndege: wavu ukae nje au ndani?

Kigoma ya sasa inajengwa kwa aluminiamu. Dirisha la mbao lenye wavu wa mbu uliopigiliwa nje limebaki kwenye nyumba za zamani. Nyumba mpya za kuelekea Mwandiga, na zile za miinuko inayotazama ziwa, zina vioo vipana vya kusukuma, vya tinti ya bluu au kahawia. Chini ya vioo hivyo ndege wanaokotwa: chozi, tetere, mnana, mara mojamoja mdiria. Wapenda ndege wanataka kila kioo kiwekwe alama. Wenye nyumba na mafundi wanajibu kwamba hayo ni mambo ya miji ya maghorofa huko Ulaya na Marekani. Kila upande una hoja, ila mabishano yao yanaanza dirisha likiwa tayari ukutani, wakati jambo lenyewe huamuliwa kwa fundi, siku linapoagizwa.

Wanaopuuza wasikilizwe kwanza. Makadirio yaliyotolewa Marekani mwaka 2014 yalisema vioo huua ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka nchini humo. Tarakimu hizo hupenda kutajwa hapa kana kwamba zinaihusu Ujiji. Zinatoka kwenye nchi yenye mamilioni kwa mamilioni ya majengo ya vioo, na ukizigawa, nyumba ya kawaida ya kuishi inafikia ndege 2 hivi kwa mwaka. Paka mmoja, au mtoto mmoja mwenye manati, anamaliza hesabu hiyo ndani ya siku chache. Mkaa na ufyekaji wa mashamba vinaondoa misitu yenye ndege wengi kuliko watakaowahi kuufikia ukuta wa mtu. Hapo hawajakosea.

Wanakosea wanapodai kwamba bila maghorofa hakuna tatizo. Makadirio hayohayo yaliyapa majengo marefu chini ya asilimia 1 ya vifo vyote. Nyumba za kuishi za sakafu 1 hadi 3 zilibeba asilimia 44. Na wastani wa ndege 2 ni wastani tu. Nyumba yenye migomba nje ya sebule, ambayo maua yake huvuta chozi kutwa nzima, na michikichi miwili mitatu iliyojaa viota vya mnana, haiwezi kulinganishwa na nyumba isiyo na hata mti.

Tatizo la kioo ni kwamba ndege anaona kilichomo ndani yake. Kioo cha tinti kina chumba chenye giza nyuma, hivyo mchana kinarudisha mwembe na anga kama kioo cha kujitazamia. Kuna pia madirisha mawili yanayotazamana: ndege aliye uani anaona mwanga wa upande wa pili, anadhani ni njia. Umbali nao una kazi. Anayeruka kutoka tawi lililo chini ya mita 1 hapati kasi ya kumuumiza; anayetoka mita 5 au 10 anafika na kasi ya kuua.

Kujua dirisha lenye hatari hakuhitaji kifaa. Simama pale mti ulipo saa 1 asubuhi, kisha saa 10 jioni, ulitazame. Ukiona majani na mawingu badala ya pazia, ndilo hilo. Angalia na kioo chenyewe kikipigwa na jua la ubavu: tetere akigonga huacha unga mweupe wa manyoya, na pengine umbo zima la bawa linasomeka. Mzoga usiutegemee sana, maana siafu na paka hufika kabla ya mwenye nyumba.

Tiba nyingi zinazopendwa hazifanyi kazi. Stika moja ya kipanga katikati ya kioo humfanya ndege akwepe stika na kugonga pembeni yake. Pazia la ndani haliondoi picha iliyo nje. Plastiki ya kung'aa inayobandikwa ili wapita njia wasione ndani huongeza picha, na kwa kioo cha magharibi ndiyo mbaya kuliko zote, ingawa mwenye nyumba ana sababu ya haki: jua la alasiri la ziwani linachoma.

Wavu ule wa zamani ndio unaoshinda. Ukikaa nje na kufunika kioo chote, unaua picha, na ndege akija bado unampokea kabla ya kioo, ilimradi umekazwa na kuachiwa nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Dirisha la kusukuma kwa kawaida huja na bawa moja la wavu linalofunika nusu tu. Nusu ya pili inabaki kioo kitupu. Kwa hiyo fundi aambiwe mapema: fremu ya wavu ya upana wote, nje, ishikwe na skrubu au bawaba ili ifunguke siku ya kuosha. Wavu wa plastiki au aluminiamu, si wa chuma unaoota kutu. Grili nayo izingatiwe: nondo zikiwa nje na zimepishana sentimita 10, zinasaidia kama mistari, zikiwa ndani, kama ilivyo mtindo sasa, ndege hazioni nyuma ya ile picha.

Gharama yake ipo. Kiangazi wavu unashika vumbi na chumba kinafifia; mwenye hoteli aliyeuza chumba kwa sababu ya ziwa hatakubali. Huyo apewe kamba. Kwa kioo cha sentimita 120 kwa 120, funga ubao mwembamba juu ya fremu kwa nje, uning'inize kamba 11 za nailoni za milimita 3, kila moja sentimita 10 kutoka mwenzake: kama mita 13, mbali na za mafundo. Chini zishikwe na ubao mwingine, la sivyo upepo wa ziwa utazisokota. Nyeupe huonekana vizuri kioo kikionyesha miti, nyeusi kikionyesha anga. Mshipi wa kuvulia haufai, kwa kuwa hauonekani. Wavu chakavu wa dagaa unafaa ukikazwa kama ngozi ya ngoma. Ukilegea unanasa miguu, na hapo umetengeneza mtego.

Nukta pia zinafanya kazi, zikiwa upande wa nje, zisipungue milimita 6 na zisiachane zaidi ya sentimita 5 kila upande. Ukumbi wa McCormick Place wa Chicago, ambako ndege karibu 1,000 walikufa usiku mmoja mwezi Oktoba 2023, ulibandikwa nukta za namna hiyo mwaka uliofuata na vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini kwa kioo chetu kilekile hizo ni nukta 529. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya adhabu. Afadhali mistari ya sabuni ya mche, inayodumu kiangazi chote na kuoshwa na mvua za Novemba.

Novemba hiyohiyo ndege wahamaji wa kutoka Ulaya na Asia wanapita, wengi usiku. Ngulia, hoteli iliyo ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, taa zake zikikutana na ukungu huvuta ndege wengi kiasi kwamba wataalamu wanawavisha pete za utambulisho miguuni pale tangu 1969. Kwa hiyo taa za ulinzi za nyumba zetu za miinukoni zielekezwe chini.

Ndege aliyegonga kioo na bado anahema awekwe kwenye boksi la karatasi lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula, mbali na watoto. Baada ya saa moja au mbili lifunguliwe nje, upande usio na kioo.