Hamu ya biashara ikishuka baada ya somo, msiogope

Vyuo vingi hupima somo la ujasiriamali kwa dodoso moja la mwisho wa muhula: wangapi sasa wanataka kuanzisha biashara? Somo likiwa la hiari, jibu linajulikana kabla ya kuuliza, maana waliojiandikisha ndio waliokuja na hamu yao. Uchambuzi wa mtafiti Bae na wenzake wa 2014, uliojumlisha tafiti 73, ulikuta uhusiano mdogo kati ya mafunzo na nia ya kuanzisha biashara. Nia ya awali ilipozingatiwa, hata huo mdogo haukuonekana.

Uholanzi, utafiti wa 2010 ulikuta nia imeshuka baada ya wanafunzi kuendesha kampuni ndogo za mafunzo. Sioni msiba hapo. Aliyegundua mapema kwamba kazi hii haimfai ameokoa mtaji, pengine wa wazazi wake.

Kwa nadharia ya mwanasaikolojia Icek Ajzen ya 1991, nia husimama juu ya mambo matatu: mtazamo wa mtu kuhusu jambo, matarajio ya watu wake wa karibu, na imani kwamba analiweza. Mihadhara ya hamasa hugusa la kwanza, kisha hupoa. Mimi ningewekeza kwenye la tatu, ambalo mwanasaikolojia mwingine, Albert Bandura, alisema hujengwa zaidi kwa kutenda na kufaulu. Mchanganuo wa biashara wa kurasa 40 haujengi imani hiyo. Kuuza kitu halisi kwa mtu asiyekujua, kufikia wiki ya tatu, kunaijenga.

Pamoja na mauzo, hesabu. Tuseme gharama za kudumu, zile zisizobadilika hata ukiuza vingi au vichache, ni 600, bei ya kipande 5, gharama ya kukitengeneza 3. Mwanafunzi hugawa 600 kwa 5, anapata 120, anafurahi. Kinachobaki kwa kila kipande ni 2 tu, kwa hiyo anahitaji kuuza 300 ndipo arudishe gharama. Halafu mwulize ujira wake uko wapi. Akiweka 400, vipande vinakuwa 500. Hapo ndipo baadhi huacha, na wanaobaki hubaki wakijua wanachokifuata.

Anayetaka kupima kwa haki aulize kabla na baada ya somo, alinganishe na wanafunzi wasiolisoma, kisha awatafute wote baada ya miaka miwili. Swali wakati huo lisiwe “unataka?” bali “umemuuzia nani, na amerudi kununua tena?”