Supu ya Brune Street na Sharti la Miezi Sita

Brune Street, mashariki mwa London, lina jengo la matofali lenye bakuli la supu lililochongwa ukutani. Mwaka umeandikwa mara mbili, 1902 na 5662 wa kalenda ya Kiyahudi, na milango nayo ina maandishi yake: huu wa kuingia, ule wa kutoka. Hapo Wayahudi maskini walipanga foleni kupata supu na mkate, wengi wao wakiwa wamehama himaya ya Urusi, ambako mashambulizi dhidi ya Wayahudi yalipamba moto kuanzia 1881.

Kiebrania huuita utoaji huu tsedaka, neno lenye asili moja na sadaka yetu iliyotoka Kiarabu. Ila tsedaka imebeba maana ya haki: maskini hafanyiwi hisani, anapewa kilicho chake. Sasa, haki hiyo ikiwekwa mikononi mwa kamati, inabaki haki?

Mwaka 1859 masinagogi matatu ya London yaliunda Bodi ya Walezi ya Wayahudi ili kusimamia misaada. Bodi ilihoji, ikatuma watu kukagua nyumba, ikaweka sharti: asiyetimiza miezi sita nchini asitarajie kitu. Fikiria mtu aliyeshuka melini jana na mtoto mgongoni, halafu anaambiwa arudi baada ya miezi sita. Maelfu walikatiwa tiketi za kurudi walikotoka. Mimi hilo la tiketi sijapata namna ya kulitetea.

Lakini tuwasikilize na hao wa Bodi, matajiri wa jumuiya. Wayahudi wa Uingereza walikuwa wamejifunga tangu zamani kwamba maskini wao hawatakuwa mzigo wa serikali, na waliogopa kuwa London ikijaa ombaomba wa Kiyahudi, chuki ingewaangukia wote, tajiri na fukara. Hofu hiyo haikuwa ya kujitungia. Serikali ya Balfour, waziri mkuu wa Uingereza, ambayo mwaka 1903 iliwapa viongozi wa Kizayuni (waliotafuta makazi ya kitaifa kwa Wayahudi) wazo la kuhamia Uasin Gishu (eti "mpango wa Uganda", na ardhi yenyewe leo iko Kenya), ndiyo iliyopitisha mwaka 1905 sheria ya kuwazuia wageni fukara wasiingie Uingereza. Milima yetu walikuwa tayari kuigawa. Bandari zao, hapana.

Tena Bodi haikuishia kuhoji. Iliwakopesha watu mtaji mdogo, ikawalipia vijana ada ya kujifunza ufundi, ikatoa cherehani za kulipia kidogo kidogo. Fundi mwenye cherehani hakuhitaji tena kupanga foleni ya supu, na kwangu mimi hapo ndipo matajiri wale walipoikaribia zaidi tsedaka. Rothschild, tajiri wa benki, na wenzake nao walijenga nyumba za kupangisha kupitia kampuni iliyoanzishwa 1885, iliyowekea wenye hisa kikomo cha faida cha asilimia 4. Wapo wanaocheka hisani yenye faida. Lakini nyumba zilisimama na watu wakakaa.

Kisa kinachonikera ni cha Simcha Becker, mwoka mikate wa Whitechapel, mtaa wa mashariki mwa London. Aliwafungulia wageni mahali pake walale, bila fomu wala sharti la miezi. Wakubwa wa jumuiya wakaja, wakaona uchafu na msongamano, na mwaka 1885 pakafungwa. Kwa afya walikuwa na hoja. Ila walipafunga bila kuwa na pengine pa kuwalaza watu, mpaka Hermann Landau, Myahudi tajiri wa London, na wenzake walipofungua mwaka huohuo hifadhi ya muda, iliyohamia Leman Street, ambako mgeni alikaa siku zisizozidi 14. Bila ukaidi wa yule mwoka mikate, sidhani kama hata hizo 14 zingepatikana upesi hivyo.

Jengo la Brune Street siku hizi ni fleti za watu wenye fedha zao. Bakuli bado lipo ukutani, na milango bado inasema upi wa kuingia na upi wa kutoka.